NANI ANABEBA MAJI USIKU?
Mazungumzo juu ya kusoma hadithi zenye kuumiza roho

Leo tutaongea juu ya kusoma. Si kusoma gazeti, wala kusoma Biblia ao Kurani, bali kusoma hadithi za kutunga, zile tunazoita romani. Na kati ya hizo, tutatazama zile zenye kusimulia umaskini, watoto wenye kulelewa katika nyumba za wengine, na wanawake wenye kutendewa ukatili.

Najua kuna mtu atauliza: "Sisi tumekimbia mara mbili, mara tatu. Mambo hayo tumeyaona kwa macho yetu. Kwa nini tena tusomewe huzuni ya watu wa kutunga?" Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa haraka. Kwanza tusikilize hadithi yenyewe, kisha tutajibu.

Kitabu nilichochagua kinaitwa Les Misérables, ndiyo kusema Watu wa Taabu. Walimu wetu wengi wanakijua tangu masomo. Kiliandikwa na Mfaransa Victor Hugo, kikatoka mwaka 1862. Wakati ule Victor Hugo alikuwa mkimbizi. Mwaka 1851 alipinga mapinduzi ya Louis-Napoléon Bonaparte, akatoroka Ufaransa. Alikaa Brussels, akaenda kisiwa cha Jersey, akafukuzwa huko nako, na mwisho akakaa kisiwa cha Guernsey. Hakurudi kwao mpaka mwaka 1870. Basi aliyeandika kitabu hiki alijua maana ya kukaa ugenini.

Ni kitabu kikubwa sana. Sisi tutachukua kipande kimoja tu, kile cha mama Fantine na binti yake Cosette.

Fantine alikuwa msichana mfanyakazi katika mji wa Paris. Mwanaume aliyempenda alimwacha, naye amekwisha kuzaa mtoto wa kike. Mwaka 1818 aliamua kurudi mji wa kwao, Montreuil-sur-Mer, kutafuta kazi. Lakini aliogopa: mwanamke asiye na bwana, mwenye mtoto mkononi, nani atampa kazi? Njiani, katika kijiji cha Montfermeil, alikuta mama mmoja ameketi mbele ya nyumba ya wageni. Wasichana wake wawili walikuwa wakicheza, safi, wakicheka. Fantine akafikiri: mama mwenye kulea watoto wake namna hii atamlea na wangu. Akaomba. Bwana wa nyumba, Thénardier, akakubali kwa malipo: faranga 7 kila mwezi, miezi 6 ilipwe mbele, na faranga 15 za kuanzia. Jumla faranga 57. Fantine alikuwa na faranga 80 tu mfukoni. Akalipa, akalia, akaenda.

Hakujua kwamba Thénardier alikuwa na deni la faranga 110 la kulipa kesho yake, naye alipungukiwa faranga 50. Cosette hakupokelewa kama mtoto. Alipokelewa kama feza. Mwezi uliofuata feza zilikwisha tena, na mama Thénardier akapeleka nguo za mtoto mjini kuziweka rehani. Tangu siku ile Cosette alivaa matambara. Alikula chini ya meza pamoja na mbwa na paka. Hajatimiza miaka 5, akafanywa mtumishi wa nyumba: kufagia, kuosha vyombo, kubeba mizigo. Na majirani walisema nini? Walisema watu hawa ni wema: si matajiri, lakini wanalea mtoto fukara aliyetupwa na mama yake. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Sasa tumfuate mama. Kule Montreuil-sur-Mer, Fantine alipata kazi katika kiwanda cha Bwana Madeleine, ambaye pia alikuwa mkubwa wa mji, mtu mwenye huruma, msaidizi wa maskini. Fantine hakujua kuandika. Aliweza kutia saini tu. Basi kila barua ya kwenda Montfermeil ilimlazimu kumlipa mwandishi wa barua. Mwandishi yule alikuwa na mdomo mwepesi. Wanawake wa mji wakaanza kunong'ona, na mzee mmoja, mama Victurnien, akafunga safari mpaka Montfermeil kwa feza zake mwenyewe ili amwone huyo mtoto. Aliporudi, Fantine akafukuzwa kazi kwa jina la Bwana Madeleine. Na Bwana Madeleine hakujua lolote. Kazi ya wanawake alikuwa ameiacha mikononi mwa msimamizi, naye msimamizi alifikiri ametenda haki.

Toka hapo Fantine alianza kushuka. Thénardier alikuwa amepandisha bei mpaka faranga 12 kwa mwezi, halafu 15. Fantine alishona mashati usiku na mchana. Aliposikia mtoto hana nguo ya baridi, aliuza nywele zake kwa faranga 10, akanunua sketi ya sufu, akaituma. Thénardier walikasirika, maana walitaka feza, na sketi ile wakamvika binti yao. Kisha wakaandika uongo kwamba Cosette ana homa mbaya, wanataka faranga 40 za dawa. Fantine akauza meno yake mawili ya mbele. Wakataka tena 100. Hakuwa tena na kitu cha kuuza isipokuwa mwili wake.

Usiku mmoja wa baridi, bwana mmoja mwenye nguo nzuri alimtukana njiani, kisha akamtia theluji mgongoni kwa kucheka. Fantine akamrukia. Polisi akamkamata nani? Akamkamata Fantine, akamhukumu miezi 6 ya gereza. Yule bwana alikwenda zake, hakuulizwa neno. Bwana Madeleine ndiye aliyekuja kumwokoa, na hapo ndipo alipojua mambo yaliyotendeka ndani ya kiwanda chake. Lakini mwili wa Fantine ulikuwa umekwisha kuharibika. Alikufa mwaka 1823, hakumwona mtoto wake tena.

Msiseme jambo la theluji ni la kubuni tu. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1841, mjini Paris, Victor Hugo mwenyewe aliona kijana mmoja akimtia mwanamke theluji mgongoni. Polisi walimkamata mwanamke, wakamwambia atafungwa miezi 6. Hugo aliingia katika ofisi ya polisi, akasema aliyoyaona, akatia saini, na mwanamke akaachiliwa. Zaidi ya miaka 20 baadaye jambo lile likawa ukurasa wa kitabu. Romani nzuri hutungwa, lakini mizizi yake iko katika mambo ya kweli.

Basi, tujibu sasa lile swali letu: kwa nini tusome huzuni?

Jibu la kwanza ni hili. Hadithi ya kutunga inatuwezesha kuongea bila kumvua mtu nguo mbele ya watu. Katika kikundi cha wamama kumi, pengine watatu wameshikwa kwa nguvu porini ao njiani. Ukisema, "Aliyebakwa asimame atueleze," umemuumiza mara ya pili. Lakini ukisema, "Fantine alifukuzwa kazi kwa sababu ya maneno ya watu, mnaonaje?", kila mmoja anaweza kusema yaliyo moyoni mwake. Anasema juu ya Fantine. Kama anasema juu ya nafsi yake, hiyo ni siri yake, hakuna mwenye haki ya kuichimba.

Jibu la pili. Katika maisha yetu tunaona upande mmoja tu. Jirani anaona mtoto akifagia, anasifu: mtoto huyu ana adabu, anafundishwa kazi. Haoni chini ya meza. Msomaji wa kitabu anaona pande zote mbili kwa mara moja: anasikia sifa za majirani, na anaona sahani ya mtoto iko pamoja na ile ya mbwa. Akifunga kitabu, macho yake yamezoea kutafuta upande wa pili. Hiyo ndiyo faida tunayoitaka. Machozi peke yake hayatoshi. Mtu anaweza kumlilia Cosette jioni, na asubuhi akampiga yatima aliyeko nyumbani mwake.

Tuongee wazi. Katika Kivu zetu, katika Ituri, tangu mwaka 1996 mpaka miaka hii yetu, watu wamekimbia vita baada ya vita. Kila wakati watoto wamepotezana na wazazi, na kila wakati jamaa maskini wamefungua mlango wakawapokea. Wengi sana wamefanya hivyo bila malipo, wakigawa ugali mdogo na sombe kwa watoto wa watu wasiowajua. Tunawashukuru. Bila wao, watoto wengi wangekufa ao wangekuwa mayibobo wa sokoni. Maneno ya leo si ya kuwatukana.

Lakini wazee walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Thénardier hakuvaa nembo ya ubaya usoni. Alikuwa na nyumba, bibi, watoto wazuri, na deni. Njaa inaweza kumfanya mtu mwema ampunguzie mgeni ili wake washibe. Hiyo ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili, mtoto wa kupokelewa anaachishwa masomo, anatumwa bidoni ya maji mara nne kwa siku. Hatua ya tatu, anasingiziwa uchawi chakula kikipungua. Na kama ni msichana, iko hatua nyingine ambayo wamama wanaijua: anatumwa kuni mbali na nyumba, peke yake, kwa kuwa hana mama wa kusema hapana. Ao anaozwa akiwa mdogo ili mahari ilipe "gharama za kumlea." Ao mtu mzima wa nyumba ile ile anamwingilia usiku, naye anyamaze kwa kuogopa kufukuzwa.

Katika kitabu, usiku wa Noeli wa mwaka 1823, Cosette alikuwa na miaka 8. Maji yalikwisha, akatumwa chemchemi ya porini, gizani, na ndoo kubwa kumpita yeye. Aliogopa pori, lakini alimwogopa zaidi mama Thénardier. Wakati wa kurudi alisikia ndoo imekuwa nyepesi: mtu ameishika. Alikuwa Bwana Madeleine, ambaye jina lake la kweli ni Jean Valjean. Alimtoa mtoto katika nyumba ile, akalipa faranga 1,500.

Wengi wanapenda ukurasa huo, nami naupenda. Lakini nawaomba msiusome kama watu wenye kungoja tajiri. Mikono ya usiku porini, kwetu, mara nyingi si ya Jean Valjean. Tena tujiulize: kijiji kizima cha Montfermeil kilimwona mtoto yule akifagia njia kabla ya jua kutoka, wakati wa baridi, katika matambara yake. Walimpa hata jina la kumtania, kama la ndege. Yeyote kati yao angeweza kushika ile ndoo. Hakukuhitajiwa faranga 1,500. Kulihitajiwa mtu wa kuuliza.

Nanyi viongozi, ninyi tazameni zaidi Bwana Madeleine kuliko Thénardier. Alikuwa mkubwa mwema. Alijenga, alitoa sadaka, aliweka sheria ya heshima katika kiwanda. Hata hivyo mwanamke aliangamizwa kwa jina lake, kwa sababu alimwachia mwingine kazi ya kutazama. Shefu anaweza kuwa mtu wa haki, na kwa jina lake msichana akafukuzwa kijijini, ao mama aliyebakwa akaitwa mkosaji, ao mfano wa mbuzi wawili ukakatwa chini ya mti na jambo likafunikwa. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Na kijiji chenye kuficha jambo kama hilo kinalea adui ndani yake.

Yapo mambo matatu ambayo kiongozi anaweza kufanya bila feza.

La kwanza: andika katika daftari watoto wote waliopokelewa katika nyumba za avenue yako ao za kambi yako. Jina, umri, walikotoka, nani anawalea, wanasoma ao hapana. Mtoto aliyepotezana na wazazi apelekwe habari zake kwa Msalaba Mwekundu, ambao wana kazi ya kutafuta jamaa. Mtoto aliyeandikwa na mwenye kutembelewa ni vigumu kumgeuza mtumwa. Mtume mama mwenye kuaminiwa amtembelee, aongee naye peke yake, si mbele ya wenye nyumba. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inawahesabu kati ya wenye haki ya ulinzi wa pekee: mtoto aliyetupwa, mtoto anayetumikishwa, na mtoto anayesingiziwa uchawi.

La pili: pangeni njia ya maji na ya kuni. Wasichana waende kwa kundi, mchana, pamoja na watu wazima. Mwenye kumtuma mtoto wa kupokelewa peke yake usiku aitwe na aulizwe.

La tatu: mwanamke ao mtoto akibakwa, kitu cha kwanza ni hospitali. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafaa ikianza ndani ya saa 72, ndiyo siku 3. Na mapema ni bora. Dawa ya kuzuia mimba inafaa ndani ya siku 5. Asingojeshwe baraza la wazee likae kwanza. Kuhusu kesi, sheria za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono zinasema wazi kwamba kulipa faini hakuzimi mashitaka. Basi mbuzi hawamalizi jambo, wala kumwoza msichana kwa yule aliyemharibu hakumalizi jambo. Huko ni kumpeleka Cosette kwa Thénardier kwa mara ya pili, safari hii na muhuri wa shefu.

Sasa, namna ya kusoma hadithi hizi kwa kikundi. Kama watu hawajui Kifaransa, mwalimu ao kijana mwenye masomo asome kwanza peke yake, halafu asimulie kwa Kiswahili, kipande kwa kipande, kila jioni kidogo. Fantine mwenyewe hakujua kuandika. Asiyejua kusoma asione haya kukaa katika duara.

Mwenye kusimulia awaambie watu mapema: "Leo kuna kipande kizito, cha mwanamke kutendewa vibaya. Asiyetaka kusikia ana ruhusa ya kutoka, hatutamwuliza kwa nini." Wamama wakitaka kukaa peke yao, waachwe. Watoto wadogo wasiwekwe katika kipande hicho. Msimuliaji asikawie katika maumivu kwa kupenda watu watetemeke. Aseme yanayotosha kuelewa, aendelee. Mtu akianza kulia, asilazimishwe kunyamaza wala kueleza. Mama mmoja akae karibu naye, ampe maji, na kesho amtembelee. Kama hapati usingizi, kama hali, kama anaongea juu ya kufa, asindikizwe kwenye kituo cha afya. Hadithi inasaidia roho, lakini haishiki fasi ya muganga. Na maneno yaliyosemwa katika duara yabaki katika duara. Kumbukeni mama Victurnien: hakumpiga Fantine hata kofi moja, ulimi wake tu ulitosha.

Msiache kikundi kiende nyumbani mahali penye giza kabisa. Pangeni jioni ile iishe kwa jambo la kufanya, hata dogo: mtoto wa kutembelewa, jirani wa kusaidiwa, njia ya kufyekwa.

Wababa, neno hili ni lenu pia. Msiseme hadithi hizi ni za wanawake. Yule aliyemwacha Fantine alikuwa mwanaume, mwenye kumtia theluji alikuwa mwanaume, mwenye kumhukumu bila kuuliza alikuwa mwanaume. Na aliyeshika ndoo alikuwa mwanaume. Kila mmoja achague anataka kuonekana katika ukurasa gani.

Kwa vikundi vya kusikiliza, na kwako wewe unayesoma karatasi hii, haya ndiyo maswali ya kuzungumza:

1. Majirani wa Montfermeil walisifu nyumba ya Thénardier. Kwetu, tunajuaje kwamba nyumba inayolea mtoto wa mwingine inamlea vema? Taja alama tatu zenye kuonekana.

2. Fantine aliogopa kusema kwamba ana mtoto. Ni nini katika desturi zetu chenye kumfanya mwanamke aliyeumizwa afiche?

3. Bwana Madeleine hakujua. Shefu wetu, mchungaji wetu, mwalimu wetu, wafanye nini ili wajue mapema?

4. Leo jioni, katika avenue yenu ao katika kambi yenu, ni mtoto gani atakayebeba maji baada ya jua kuzama? Ni wa nani? Nani atakwenda kushika bidoni pamoja naye?

Msilale kabla hamjajibu swali la nne.